Pesa Ikae kwa Mzee

Sehemu ya saba

Mkono wa mwanamke ulitua juu ya bahasha kabla vidole vya Sylvestre havijaifikia.

"Mama, ukimwachia huyu umekwisha."

Wiki jana tulimwacha Pascasie hapohapo: ameketi kwenye kiti cha plastiki nyuma ya soko la Kibondo, uani kwa mtu asiyemjua, bahasha ya kaki iko mezani, na mbele yake pikapu nyeupe iliyooshwa mpaka matairi. Anayeanza kusoma leo ajue haya machache. Pascasie ni mjane wa Kagerankanda, Kasulu, mjukuu wa wakimbizi wa Burundi. Mumewe, Nduwayezu, alifariki masika yaliyopita na kumwachia watoto wawili na shamba. Shamba lile sasa lilikuwa ndani ya bahasha. Aliliuza ili anunue gari la kubebea maharage ya watu kwenda minadani. Akikosa gari, hana shamba na hana kazi.

"Wewe ni nani?" aliuliza.

"Muulize huyo."

Sylvestre, mwenye kuuza, alikuwa mtu mwembamba mwenye shati lililonyooshwa na maneno laini. Ulaini wote ulimtoka.

"Esperance, ondoka hapa. Haya ni mazungumzo ya wanaume."

"Na huyu mama naye ni mwanamume?" Mwanamke alimwonyesha Pascasie kwa kidevu. Mkono wake bado uliikandamiza bahasha. "Mama, mie ni mke wake. Nimeuza dagaa na chumvi kule kambini Nyarugusu mpaka vidole vimeoza, makuta yote namtumia yeye. Ndiyo yaliyonunua gari hili. Leo analiuza kimyakimya apate nauli ya kukimbilia Kahama na kasichana ka saluni."

"Tuliachana, mama. Huyu ana kichaa."

"Kama nina kichaa, msomee mama jina lililo kwenye kadi ya gari."

Sylvestre akaitia kadi mfukoni.

Jina lile Pascasie alikuwa ameliona tangu asubuhi. Kadi ilisema Nurudini. Sylvestre alimwambia kwamba alinunua gari kwa huyo Nurudini akachelewa kubadili jina, na Pascasie aliona ni jambo la kawaida, maana nusu ya magari ya huku hutembea na majina ya watu wengine. Ila alitamani kumwambia Sylvestre, nionyeshe na kitambulisho chako. Maneno yalifika kooni yakarudi. Kwao mtu hamuulizi mwenzake karatasi. Karatasi huulizwa na askari, huulizwa barabarani, huulizwa baba yako mbele yako ukiwa mtoto hadi ajing'ate ulimi. Mtu aliyekulia hivyo akikutana na mwenzake anayejua Kirundi cha nyumbani, humuuliza habari za watoto tu.

"Sikatai uuze," Esperance alimwambia Sylvestre, sasa kwa upole. "Mama huyu ana shida ya gari, mie nina shida ya haki yangu. Pesa ikae kwa mzee."

"Mzee gani?" Pascasie aliuliza.

"Mzee Ntirampeba. Mushingantahe."

Pascasie alihisi mabega yake yakishuka. Mushingantahe kwa Warundi ni mzee wa kuamua, mwenye fimbo yake, intahe, aliyekubaliwa na watu kwamba hasemi uongo. Ng'ombe huuzwa mbele yake. Mahari huwekwa kwake mpaka pande zote ziridhike. Babu yake Pascasie aliwahi kumwachia mmoja wao ng'ombe wawili na kwenda safari, akarudi akawakuta watatu.

"Sitaki," alisema Sylvestre.

"Unaogopa nini?"

"Nimesema sitaki. Pesa yangu, gari langu. Mzee wa nini?" Akapiga teke kiti kikaangukia kuku. "Mama, nipe bahasha nikupe ufunguo, tuachane na huyu kichaa."

Kadiri alivyokataa ndivyo Pascasie alivyozidi kuamini. Nawe msomaji ungeamini. Mwizi ndiye anayekimbia shahidi, hivyo ndivyo sote tunavyofikiri.

"Au twende benki," Pascasie alijaribu. "Au kwa wakili, tuandikishane."

"Twende," alisema Esperance. "Cheti chako cha uraia umekibeba?"

Cheti kilikuwa nyumbani, kimefungwa kwenye nailoni, ndani ya sanduku, chini ya nguo za marehemu. Hakukitembeza kwa kuogopa kukipoteza.

"Basi wataanza na wewe kabla ya gari. Babu yako alivuka mpaka lini, alipitia wapi, nani anakufahamu. Huyu hapa atakuwa ameshafika Nyakanazi."

Pascasie aliinuka, akaichukua bahasha na kuifunga kiunoni chini ya kitenge.

"Twende kwa mzee," alisema.

*

Mzee Ntirampeba aliwapokea kwenye nyumba ya matofali, barabara ya kwenda hospitali. Koti la kijivu, ndevu nyeupe zilizochongwa, fimbo imeegemea ukuta. Hakuwakaribisha haraka. Kwanza alimtazama Sylvestre mpaka Sylvestre akavua kofia.

"Amahoro, mwana wanje," alimsalimu Pascasie kwa Kirundi. "Umeolewa na nani?"

"Nduwayezu, mzee. Ameshatangulia."

"Mungu amrehemu. Na hiyo uliyofunga kiunoni ni nini?"

"Shamba lake."

Mzee alifumba macho kidogo, kama mtu aliyechomwa. Ningependa kukwambia, msomaji, kwamba Pascasie aliona kitu usoni mwa mzee pale. Hakuona chochote. Aliona baba.

Kesi ilikwenda haraka. Esperance alidai nusu. Sylvestre alidai yote. Mzee aliwaacha wapayuke, kisha akachukua intahe na kuigonga chini.

"Sikilizeni. Pesa inakaa hapa. Ufunguo na kadi vinakaa hapa. Kesho asubuhi tunakwenda sote ofisi ya mapato, gari linabadilishwa jina mbele yangu. Likishakuwa la mama huyu, ndipo nitawagawia nyinyi wawili. Kabla ya hapo hakuna anayekula hata senti."

"Mzee, unanionea," alisema Sylvestre.

"Nyamaza. Mwenye kuuza kwa mjane asiwe na haraka."

Sylvestre aliutupa ufunguo mezani kwa hasira. Pascasie alifungua kitenge kiunoni, akaiweka bahasha kando ya ufunguo.

"Mzee, nikuachie na kitu kidogo cha asante?"

"Mimi sili kitu cha mjane."

Alitaka kumwomba amwandikie. Kalamu ilikuwa mfukoni mwa koti la mzee, aliiona. Lakini kumwomba mushingantahe akuandikie ni kumwambia machoni pake kwamba huenda ni mwizi, na Pascasie alilelewa vizuri. Akapiga magoti, akashukuru, akatoka.

Nje, Esperance alimshika mkono.

"Leo utalala usingizi, mama."

Kweli, alilala. Ulikuwa usingizi wake wa kwanza mzuri tangu msiba.

*

Asubuhi nyumba ile ilikuwa na mwanamke mwingine, anafagia.

"Mzee Ntirampeba yupo?"

"Nani?"

"Mzee. Mushingantahe. Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba ni mimi, na nyumba hii ni ya kulala wageni," alisema yule mwanamke. "Kuna mzee mmoja alichukua chumba cha mbele, na sebule akailipia juu. Ametoka alfajiri. Wewe ni binti yake? Kaacha fimbo."

Pascasie aliitazama intahe. Kwenye ncha yake kulikuwa na karatasi ya bei, haijabanduliwa vizuri.

Alikimbia. Kule uani nyuma ya soko kulikuwa na kiti cha plastiki na kuku. Akazunguka upande wa mbele. Pikapu nyeupe ilikuwepo. Ilikuwa imesimama kwenye sehemu ya ndizi, imejaa mikungu, na dereva amekaa mlangoni anakula chapati.

Pascasie alikamata kitasa.

"Shuka kwenye gari langu."

"Mwakeye, mama," alisalimu yule mtu, akiendelea kutafuna. "Gari lako kivipi?"

"Nimelinunua jana. Kwa Sylvestre."

"Mimi simjui Sylvestre. Mimi ndiye Nurudini." Akatoa kadi kutoka juu ya kioo, ileile Pascasie aliyoishika jana. "Gari ninalikodisha. Jana jamaa alilichukua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, akasema ana harusi, analitaka lipendeze kwenye picha. Akaomba na kadi, eti wakisimamishwa njiani. Jioni mwenzake kanirudishia vyote, gari limeoshwa na mafuta kaongeza. Mstaarabu sana."

Watu walianza kusogea. Sokoni mtu akilia hupata watazamaji wengi kuliko mwenye nyanya nzuri.

"Bibi harusi ndiye huyu?" mmoja aliuliza.

"Mama, umenunua picha."

"Na fremu alikupa?"

Walicheka. Mwanamke mmoja mwenye beseni la mihogo alicheka hadi akaliweka chini. Mansuri, mlinzi wa lango la soko, alipenya katikati na rungu lake kwapani.

"Kuna nini hapa?"

Pascasie alieleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, Kirundi kikimwingilia.

"Huyo mzee alikupa risiti?"

"Mushingantahe hatoi risiti."

"Kitambulisho chake ulikiona?"

"Hatuulizani."

"Hamuulizani," alirudia Mansuri, akiwageukia watu kama anayewagawia peremende. "Mnasikia? Hawaulizani. Mtu anampa mtu asiyemjua hela ya gari, anaona aibu kumuuliza jina lake la pili." Kisha akamgeukia. "Nenda polisi, mama. Kule watakuuliza jina lake kamili, na lako. Lako unalo?"

Vicheko vikapanda tena. Nurudini, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwekea kipande cha chapati kwenye kiganja, akawasha gari, akaondoka nalo polepole ili asimkanyage.

Pascasie alikwenda mpaka barabara ya polisi. Alisimama upande wa pili. Aliwaza sanduku, nailoni, cheti kilicho mbali. Aliwaza swali la kwanza litakuwa lipi. Magari yalipita. Akageuka.

Makosa ni ya nani, utaamua wewe. Mimi nasimulia tu lilivyokuwa.

*

Esperance alimkuta nyuma ya vibanda vya dagaa, ameketi juu ya gunia tupu.

"Usipige kelele. Nimekuja peke yangu."

Pascasie alimrukia. Alimshika kitenge shingoni kwa mikono miwili na kukaza, na Esperance hakujitetea. Alingoja tu, macho yakimtoka.

"Ua," alisema kwa sauti iliyobanwa. "Ukimaliza kuniua, bahasha yako utaitafutia wapi?"

Mikono ikalegea.

Esperance alikohoa, akajitengeneza, akaketi juu ya gunia pembeni yake kama jirani aliyekuja kuazima chumvi. Kutoka kifuani alitoa bahasha ya kaki. Ilikuwa ileile, na mkunjo wake uleule wa kiunoni, lakini imekonda.

"Chukua. Ni yako. Nyingine anayo mzee."

"Kwa nini unanipa?"

"Ili ujue kwamba ipo."

Pascasie aliishika. Haikuwa na uzito wa shamba. Ilikuwa na uzito wa bustani.

"Mwaka juzi nilitoka kambini kununua jenereta," Esperance alisema, akiangalia dagaa. "La mtumba, lakini zima kabisa. Nilikuwa nafungua kibanda cha kuchaji simu. Mwanamke akaingia, akaweka mkono juu ya bahasha yangu. Mama, ukimwachia huyu umekwisha. Akanihurumia, akanipeleka kwa mzee. Nililala vizuri sana usiku ule."

"Mungu wangu."

"Asubuhi yake akanifuata, kama hivi nilivyokufuata. Nimefanya kazi. Kila kazi mzee ananirudishia kidogo. Sasa yangu imetimia, nataka kwenda nyumbani. Ila anayetoka sharti alete wa kuingia. Ndiyo desturi yao."

"Na ukanichagua mimi."

"Nilikuangalia kwa mzee. Ulipiga magoti vizuri. Mtu anayejua kuheshimu, wengine wanamwamini."

Pascasie alicheka. Hakujua kicheko kile kilitoka wapi. Mwanamke aliyekuwa akianika dagaa aliwatazama, akadhani ni marafiki.

"Kazi gani?"

"Kesho, Kasulu. Kuna mama ananunua mashine ya kusaga. Sylvestre ni muuzaji. Unaingia, unaweka mkono, unasema wewe ni mke wake, pesa ikae kwa mzee. Basi. Mie uso wangu Kasulu umeshajulikana. Wako kwa kazi hii bado ni mpya."

"Nikiifanya?"

"Bahasha yako inajaa kesho hiyohiyo. Yote. Mzee kasema wewe hatakupa kidogo kidogo, kwa sababu ya marehemu."

"Anayenunua ni nani?"

"Sijui jina. Hata lako sikuliuliza."

"Ana watoto?"

"Kila mtu ana watoto, mama."

Pascasie alitoa simu. Alimpigia jirani yake wa Kagerankanda, yule aliyenunua shamba. Alimwambia ameghairi gari, anataka kurudisha pesa, amwachie shamba la mumewe.

"Sijatia jembe bado," jirani alijibu. "Ukileta yote kabla ya Jumatatu, nakuachia. Pungufu sichukui, mama Pascasie. Jumatatu nang'oa migomba, nalima."

Akakata.

"Kasulu saa ngapi?" Pascasie aliuliza.

*

Nyumba ya Kasulu ilikuwa ya kupanga, nje kidogo ya mji, na ua wa mabati. Mashine ya kusaga ilikaa katikati ya ua, chini ya turubai, imepakwa rangi mpya ya kijani. Pascasie alifichwa jikoni pamoja na Esperance. Kupitia upenyo wa mlango aliona viatu vya Sylvestre, na meza, na upindo wa kitenge cha mwanamke aliyekaa akimpa mgongo.

Maneno aliyashika njiani kote. Ili asimhurumie mtu yule asiyemjua, alimgeuza kuwa mjinga kichwani mwake. Atakuwa mnene, alijiambia. Atakuwa na vitu vingi dukani kwake. Atakuwa mmoja wa wale wanaocheka sokoni. Kufika Kasulu alikuwa ameshaanza kumchukia.

"Mashine ni ya mwaka gani?" mwanamke aliuliza kule uani. Sauti ilikuwa chini, upepo uliila.

"Haina miaka mingi, mama. Mimi mwenyewe ni mgonjwa, ndiyo maana nauza."

"Pole. Sisi Buhigwe tunasaga kwa mtu anayetupunja. Nimeuza ng'ombe wote wa mama. Dada zangu wameniambia nimepotea."

"Hujapotea. Weka mezani tumalizane."

Bahasha ikawekwa. Ilikuwa bahasha kubwa.

Esperance alimgusa Pascasie mgongoni. "Sasa," alinong'ona.

"Ngoja," alisema yule mwanamke uani. "Sijawahi kutoa pesa bila kuomba. Tuombe kwanza, kaka."

Akaanza kuomba, na alipoomba sauti yake ilipanda ikawa nzito, ya mtu aliyezoea kuomba mbele ya watu waliofiwa.

Pascasie aliishika fremu ya mlango.

Sauti ile aliijua kuliko sauti ya dada yake. Ni ya Kezia. Nduwayezu alipokuwa anakufa, watu walisema ugonjwa wake unaambukiza, na ndugu zake wakasimama njiani na barakoa wakituma salamu. Kezia alikuja kwa miguu kutoka Buhigwe, binamu tu wa mbali wa mtu mwingine, akakunja mikono ya blauzi, akamwosha marehemu pamoja naye. Walimgeuza wawili. Kezia ndiye aliyemfunga kidevu kwa leso yake mwenyewe. Kisha akalala kwenye mkeka wa Pascasie msiba mzima na kila alfajiri akaomba kwa sauti hiihii, na siku ya kuondoka hakutaka hata nauli.

"Mimi huyu namfahamu," Pascasie alinong'ona.

"Mie wa kwanza wangu nilikuwa namfahamu pia," Esperance alijibu. Akamsukuma.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Sylvestre alifumbua jicho moja katikati ya maombi, akamwona, akaanza mara moja.

"Esp... we mwanamke, umefuata nini hapa? Haya ni mazungumzo ya..."

"Amina," alisema Kezia, akageuka.

Alimtazama Pascasie kwa muda. Kisha uso wake wote ukafunguka.

"Pascasie? Wewe?"

Sylvestre akasimama. Mwanamke aliyepaswa kumwita mke wake ameshaitwa kwa jina, na anayemwita anajua kaburi la mumewe lilipo. Alianza kurudi nyuma kuelekea lango.

Lakini pembeni, kwenye kibaraza kisichoonekana kutoka jikoni, kulikuwa na mtu aliyekuwa ameketi kimya muda wote akingoja zamu yake. Koti la kijivu. Fimbo mpya. Mzee Ntirampeba hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe mnafahamiana," alisema kwa sauti ya baba. "Afadhali. Mimi ni mushingantahe wa hapa, nimeombwa kuangalia biashara hii isiwe na dhuluma. Nilikuwa nasikitika kwamba mama huyu amekuja bila mtu wake."

"Ni kweli, mzee," alisema Kezia. Alikuwa ameshamfikia Pascasie na kumshika mikono yote miwili, na machozi yanamtoka huku anacheka. "Nikwambie ukweli? Nilianza kuwaogopa hawa. Huyu kaka ana haraka, mzee sijui ametokea wapi. Nikaomba, Bwana, nipe mtu ninayemjua. Sijamaliza hata kusema amina."

"Dada Kezia," alisema Pascasie.

"Umekuja kununua na wewe? Unawafahamu hawa?"

Sylvestre alisimama langoni, mkono juu ya komeo. Nyuma yake, Esperance aliusogeza mlango wa jikoni. Mzee Ntirampeba alifungua koti lake kidogo tu, upande wa kifuani, na Pascasie akaona pembe ya kaki. Shamba lake lilikuwa pale, limebaki hatua chache, na kesho kutwa ni Jumatatu.

"Anawafahamu," alijibu mzee badala yake. "Mama huyu aliacha pesa kwangu. Muulize kama nimewahi kumdhulumu mjane."

Kezia alirudi mezani. Alichukua bahasha ya ng'ombe wa mama yake, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu abebaye mtoto mchanga, akaja kumwekea Pascasie kwenye viganja.

"Shika wewe," alisema. "Mimi hata sitaki kujua karatasi zao. Ukiona ni watu wema, mpe mzee. Ukisema hapana, naondoka na bahasha yangu. Wewe ukisema, mimi nimemaliza."

Mzee aliinua intahe juu, tayari kuigonga, akamtazama Pascasie, akangoja.

Pascasie akafungua mdomo.